Picha Niliyoifuta Mbekenyera

Siku ile Mbekenyera tulikuwepo hawa: mimi Mwanahawa; mdogo wangu Hamza, mwimbaji na mpiga gitaa; Issa mpiga ngoma; Mudi wa gitaa la besi; Bi Somoe, shangazi yake Issa, aliyetupokea na kutupikia; Mzee Mkwanda, mwenye duka tulilovutia umeme; na watu wa gulio, ambao sikuwahesabu ila nina uhakika walizidi mia. Nawataja mapema kwa sababu tangu nirudi Marambo, kila anayekuja kupiga picha ya kitambulisho ananiambia naye alikuwepo. Hakuwepo. Waliokuwepo ni hao.

Wewe, dada Tatu, na wenzako mnaoshona barazani kwangu mmeniuliza mara tatu kilichotokea, na mara zote nimejibu "safari ilikuwa nzuri." Haikuwa nzuri. Nimeamua kuandika ili nisimulie mara moja tu.

Marambo hadi Nachingwea

Mnamjua Hamza, lakini muziki wake wengi wenu mnausikia kwa nyuma ya ukuta tu. Unaitwa panki. Gitaa linapigwa kama mtu anabomoa nyumba, wimbo hauzidi dakika mbili, na mwimbaji anapiga kelele hadi mishipa ya shingo inasimama. Bendi yao inaitwa Mabibo. Korosho inachukuliwa inaenda kuuzwa, bibo, lile tunda lake, linaachwa chini ya mti lioze. Hamza anasema vijana wa huku ndio mabibo. Mimi niliyemlea sikulipenda jina hilo, lakini hakuniuliza.

Alichoniuliza ni kama naweza kufunga studio yangu ya picha siku nne. Kuna watu Dar wanaandaa tamasha la bendi za aina hiyo, na walitaka picha za maonyesho matatu. Sharti lao lilikuwa moja: waonekane watu. Bendi inayopiga peke yake hawaitaki. Picha zifike kabla ya mwezi kuisha.

"Dada, wewe ndiye unayejua kupiga picha," aliniambia. "Harusi zote za huku ni zako. Nipe watu tu."

Tangu baba na mama watutoke, mimi nikiwa kidato cha pili na yeye na miaka sita, Hamza hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Aliomba daftari, viatu, chakula, kwa sauti ya kudai, kama mtoto anavyomdai mzazi. Safari hii aliomba kama mtu mzima anayejua anaweza kukataliwa. Nikafunga studio.

Onyesho la Nachingwea lilikuwa Ijumaa baada ya swala, kwenye uwanja wa gereji moja nyuma ya soko. Walikuja watu kumi na wawili, ukijumlisha mafundi watatu ambao walikuwa kazini. Kabla ya kuanza walijaribu vyombo, na Hamza akapiga wimbo mpya, bila maneno. Issa aliacha kupiga katikati, akamtazama fimbo zikiwa hewani.

"Hamza, una moyo wewe. Huu utaupiga mbele za watu?"

"Mbele ya kila mtu. Nauweka wa mwisho, Mbekenyera."

"Haya bwana," Issa akacheka, akatikisa kichwa. "Mimi simo, napiga ngoma tu."

Niliandika kichwani kwamba wimbo huo ni mkali na niwe tayari. Basi.

Onyesho lenyewe lingekuwa zuri. Vijana watatu waliojua panki ilivyo walianza kurukiana na kusukumana kifua kwa kifua, ndiyo dansi yenyewe. Nikainama, nikaongeza kasi ya kamera ili vumbi lisimame hewani. Hapo akaingia dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita na abiria wake. Aliegesha, akawashika wawili mashati.

"Jamani, jamani! Mambo gani haya ya kuuana? Nyie si ndugu?"

"Bro, tunacheza!"

"Mnacheza, damu ikitoka je? Wewe mwombe radhi mwenzako. Na wewe, mpe mkono."

Wakapeana mikono. Abiria wake, mama mwenye kapu la dagaa, akapiga makofi. Picha niliyopata Nachingwea ni ya watu wawili wanapatanishwa na mtu mwenye kofia ngumu. Hamza aliiangalia kwenye kioo cha kamera, akanirudishia.

Njiani kwenda Ruangwa

Kwa ramani Ruangwa si mbali. Tulitumia siku moja na nusu. Tulipata lori lililobeba magunia matupu ya kwenda kufungia korosho, dereva akakubali tukae juu ya magunia na vyombo vyetu. Ngoma za Issa ziko kwenye mifuko ya duara, kubwa na ndogo, na kila tuliposimama watu walidhani ni masufuria. Kijiji cha kwanza mwanamume alitufuata akikimbia kando ya lori.

"Pilau sahani shilingi ngapi? Nina shughuli Jumamosi ijayo!"

"Hatupiki, mzee!"

"Mnaringa nini sasa? Kazi si kazi?"

Mudi, ambaye huongea mara mbili kwa siku, alisema, "Tungekuwa tunapika tungekuwa na pesa." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Saa nne asubuhi tairi la nyuma likapasuka. La akiba nalo lilikuwa bovu, utingo akaondoka nalo kwa pikipiki kulitafutia fundi. Tulikaa kando ya barabara mpaka saa kumi na moja jioni. Tulikula muhogo wa kuchoma tulionunua kwa akina mama waliotoka shamba, pamoja na chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti. Joto la kabla ya mvua lilitukalia kichwani. Mikorosho ya pande zote mbili ilikuwa imeanza kuzaa na harufu ya mabibo yaliyooza ilitufikia kila upepo ulipogeuka.

Kwa kukaa bila kazi, wanaume wakaanza hadithi za jandoni. Issa alisimulia alivyolia, Mudi akasema yeye hakulia, Issa akamwambia mwongo, dereva naye akaleta za kwake za zamani. Hawakutaja yasiyotajwa, maana nilikuwepo mimi mwanamke. Walizunguka pembeni kama kawaida, wakicheka. Kisha dereva akamgeukia Hamza.

"Na wewe mwenye nywele za kusimama, uliingia wapi?"

"Marambo," alisema Hamza. "Kwa baba mkubwa."

Nilikuwa nasafisha lenzi. Nikaendelea kuisafisha.

Hamza hakuingia jandoni Marambo wala kwingine. Alipofika miaka minane nilikuwa na miaka kumi na minane, na jando lina mambo yake: chakula cha miezi, nguo, na zaidi ya yote mwanamume wa ukoo wa kumsimamia. Nilimwendea baba mkubwa mara mbili. Mara ya kwanza alisema mwaka ujao. Mara ya pili alimtuma mkewe atoke kuniambia hayupo, na viatu vyake viko mlangoni. Nikamshika Hamza mkono, nikampeleka hospitali. Dakika chache, dawa, tukarudi nyumbani. Wenzake walikuwa kambini ng'ambo ya mashamba, wakakaa huko mpaka siku ya kutoka kwa shangwe, mafuta na nguo mpya. Hamza alikaa uani kwangu na kikoi, peke yake.

Kwa hiyo niliposikia anasema "kwa baba mkubwa," nilinyamaza. Nilidhani ni uongo wa kijana mbele ya wenzake, kitu kidogo. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na sina wa kumgawia.

Ruangwa

Tulifika Jumapili, siku moja baada ya siku tuliyotangaziwa. Mwenye ukumbi hakukasirika. Alisema watu walikuja jana, wakakaa, wakaondoka, na leo watakuja wengine. Walikuja kama sitini. Nilifurahi mpaka nilipoona wanapanga viti vya plastiki kwa mistari, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na mtu wa mbele ana daftari.

Mabibo walipiga nyimbo tano. Watu sitini waliwatazama mikono mapajani, kwa adabu, kama wanasomewa taarifa ya kijiji. Hamza alijirusha, akapiga magoti, akatoa jasho hadi nyaya zikalowa. Wimbo wa tano ulipoisha, bwana wa daftari akanyoosha mkono.

"Nina swali moja tu. Nimewasikiliza kwa makini. Mnalalamikia nini hasa?"

Hamza alikuwa anahema. "Kila kitu."

"Kila kitu ni vingi. Chagueni kimoja, mwandike barua, muipeleke ofisini."

Ukumbi wote ukapiga makofi. Ndiyo makofi pekee tuliyopata Ruangwa, na yalipigiwa ushauri ule.

Nina picha themanini za Ruangwa na zote ni viti. Tulipokuwa tunafunga vyombo Hamza alikaa juu ya spika akauliza, bila kunitazama, "Hakuna hata moja?"

"Imebaki Mbekenyera," nilimwambia. "Kesho ni gulio. Watu wa gulio wanasimama, hawana viti."

"Nikikosa kesho, Dada, naacha. Nakuja kukushikia taa kwenye harusi." Alisema hivyo akitabasamu, akashuka kwenye spika.

Mbekenyera

Tulikwenda kwa bodaboda nne, ngoma zimefungwa mgongoni kwa mipira. Bi Somoe alitupokea kwa ugali wa muhogo na mbaazi za nazi, na akamchunguza Hamza nywele.

"Hii ndiyo mitindo? Umepigwa na umeme?"

"Ndiyo mitindo, shangazi."

"Basi kula, usije ukaanguka ukasema Bi Somoe kaniua na njaa."

Mzee Mkwanda alikuwa na duka la soda na vocha kwenye kona ya gulio. Alivaa kanzu na buti za mvua, siku isiyo na wingu. Aliturefushia waya kutoka dukani bila kutudai kitu, kwa sababu alihesabu soda atakazouza, na kweli aliuza. Baada ya alasiri, watu walipomaliza kununua, walisogea. Kulikuwa na wakulima, vijana wanaolima ufuta, wanawake wenye mafungu ya mchicha. Hawakukaa, isipokuwa wanaume wachache waliochuchumaa kwenye magunia. Wimbo wa pili vijana wakaanza kuruka. Wa tatu, kikongwe mmoja akatikisa mabega na watu wakampisha katikati. Nilipiga picha mpaka kidole kikaingia ganzi. Nilimwona Hamza ananitazama juu ya vichwa vya watu, anauliza kwa macho, nami nikamnyooshea kidole gumba.

Kisha akanyamazisha gitaa na kuanza ule wimbo wa mwisho kwa sauti tupu, kisha ngoma na besi zikamfuata.

Ninapokuwa nyuma ya kamera huwa sisikii. Masikio yanafunga, yanabaki macho. Nilichoona ni hiki: wanaume waliokuwa wamechuchumaa kwenye magunia wakasimama wote kwa pamoja. Mikono ikaenda juu. Midomo ikafunguka. Nyuma yao wanawake wakainua kanga vichwani, kanga zikapepea, nyekundu, njano, na jua la jioni likapita katikati ya vumbi likamwangukia Hamza usoni. Nikabonyeza. Nilijua papo hapo kwamba katika miaka yangu yote sijapiga picha kama ile. Nikajisemea, mdogo wangu amefika Dar.

Muziki ukakatika. Mzee Mkwanda alikuwa amechomoa waya. Ngoma ya Issa ilipiga mara mbili zaidi, ikaacha.

Hapo ndipo masikio yalifunguka. Wanawake hawakuwa wanacheza, walikuwa wanaziba masikio na kanga na kuondoka mbio. Wanaume hawakusimama kwa furaha. Hamza alikuwa ameimba wimbo wa jandoni, ule ambao wanawake hawausikii na ambao hautoki nje ya kambi. Maneno yake siyaandiki hapa na msiniulize. Alikuwa na kipande tu, kiitikio, na nikaelewa alikipata wapi. Alikipata uani kwangu, akiwa na miaka minane na kikoi, sauti za wenzake zilipokuwa zinaletwa na upepo kutoka ng'ambo ya mashamba. Alikibeba miaka yote akidhani ni wimbo wa utoto wa wenzake.

"Nani alimwingiza jandoni huyu?" Mzee Mkwanda aliuliza. Hakupaza sauti.

"Niliingia Marambo," alisema Hamza.

"Mtaje mlezi wako wa jandoni."

Hamza akarudi nyuma hadi kwenye spika.

"Mtaje. Maana kama umepita jando na umeuimba mbele za mama zetu, hilo ni kosa la mtu mzima, na tunajua la kufanya. Vyombo hivi haviondoki, na wewe huondoki na mwili mzima. Kama hukupita, basi wewe ni mtoto tu, na mtoto hana kosa. Kosa ni la aliyekulea. Sema wewe ni yupi."

Vijana walewale waliokuwa wanaruka walikuwa wamekwisha kumzunguka. Mmoja alishika shingo ya gitaa. Issa alisimama nyuma ya ngoma zake amekauka, kwa sababu yeye alidhani muda wote kwamba Hamza anajua anachofanya na anafanya kwa ujeuri wa panki.

Hamza alinitazama mimi. Nilijua anachotaka. Alitaka nitaje jina la baba mkubwa.

Ningeweza. Ningelitaja, Hamza angebaki mwanamume, na wangempiga kama mwanamume. Nilipita katikati yao na kamera shingoni.

"Hakuingia," nilisema. "Nilimpeleka hospitali mimi, dada yake. Hatukuwa na mtu. Huyu hajui alichokiimba."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wengi. Aliyeshika gitaa akaliachia, akampiga Hamza begani kama unavyompiga mtoto wa jirani. "Nenda kanywe uji, dogo." Kikongwe aliyekuwa anacheza akasema maskini, maskini yatima, na hilo likawa baya kuliko kicheko.

Mzee Mkwanda akanigeukia. "Na hicho kidude chako, kimechukua?"

Nilimwonyesha. Hakuona, akaazima miwani ya jirani yake, akaisogeza kamera hadi puani.

"Huyu mwenye mdomo wazi ni mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimetoka vizuri," alisema. "Futa."

Hamza alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. "Dada," alisema, kwa sauti ile ya kuomba. "Hiyo moja tu. Picha haina sauti."

Ni kweli, picha haina sauti. Nimelifikiria hilo kila siku tangu nirudi. Lakini katika picha ile kuna wazee wanaokasirika na wanawake wanaokimbia, na Dar wangeitazama wakasema tazama wanavyofurahi, na ningejua. Na watu wale walikuwa wamesimama hapo hapo. Nikafuta.

Kisha mzee akatoa masharti, mbele ya wote, taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya dukani. Juni, shule zikifungwa na kambi ikiwekwa, Hamza aletwe Mbekenyera. Aje na jogoo, unga na kitambaa cheupe. Hatakatwa kitu, atakaa na wazee siku tatu aambiwe aliyopaswa kuambiwa. Na asije na mimi. Aletwe na mwanamume wa ukoo.

"Deni si lake, mtoto hana deni," alisema. "Ni lako, binti. Umesikia?"

"Nimesikia."

Bi Somoe alinifungia mbaazi zilizobaki kwenye kontena. Alinifungia na mkanda wa kamera uliokuwa umefunguka.

Kurudi

Tulirudi Jumanne kwa njia ileile. Issa alijaribu. "Dada, mimi nisingeweza kumwambia. Kama hajui, kumwambia ndiyo kufungua siri ya jando. Na kama anajua, namwambia nini?" Nilimwambia hana kosa. Mudi alisema, "Angalau vyombo vimerudi," na ndiyo yalikuwa maneno yake yote mpaka niliposhuka.

Hamza alikaa mkia wa lori amenipa mgongo. Tulipofika njia panda ya Marambo nilishuka, yeye hakushuka.

"Bora wangenipiga," alisema. "Ningepona."

"Wangekuumiza, Hamza."

"Umeniacha mtoto mbele ya watu mia nzima. Kama ulivyoniacha uani."

Lori likaondoka. Yuko Nachingwea, analala kwenye ile gereji. Picha nilimtumia kwa simu, akazipeleka Dar, za waliopatanishwa na za viti na za kikongwe anayetikisa mabega, na mwezi umeisha bila wao kujibu. Nywele amezinyoa. Hayo nimeambiwa na wateja.

Jogoo ninaye, mwekundu, mnamwona hapo uani mnamfukuza asikanyage vitambaa vyenu. Msimfukuze. Unga nitausaga Mei. Kitambaa cheupe, Tatu, nitakuomba unikatie mita mbili.

Kilichobaki ni mwanamume wa ukoo. Jana nilikwenda kwa baba mkubwa kwa mara ya tatu katika maisha yangu. Viatu vilikuwa mlangoni. Mkewe akatoka akasema hayupo. Safari hii sikuondoka, nikakaa kizingitini kando ya viatu mpaka adhuhuri, kisha nikarudi kufungua studio kwa sababu kulikuwa na watu wa vitambulisho. Kesho nitakwenda tena. Juni bado ni mbali, na Hamza mwenyewe hajasema kama atakuja.